King'ora cha Nambilanje

Ukitaka kumchefua Evodius Nampota, mwite fundi. "Fundi wa nini?" atakujibu. "Mimi nilikuwa mtu wa kubonyeza tu." Ukimuuliza alikuwa anabonyeza nini, hapo ndipo umeharibu. Atachukua jembe lake aende zake kwenye mikorosho, na wewe utabaki umesimama hapo na maswali yako. Hapa Nambilanje hakuna asiyejua sababu. Wageni ndio hawajui, na wao ndio wenye midomo ya kuuliza. Basi afadhali niseme mimi, maana yeye alikwisha kusema siku moja mbele ya umati, na siku hiyo ilitutosha sote.

Evodi alikulia Nachingwea mjini, miaka ile Ruangwa yote bado iko chini ya Nachingwea, na mtu wa huku akitaka hata muhuri wa karatasi anafunga safari ya siku nzima. Mama yao alifariki Evodi akiwa na miaka minne. Aliyemlea ni dada yake, Makrina, naye alikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili tu. Kwetu sisi Wamwera dada si mtu wa kuchezea. Watoto wake ni wako, na ukoo wenu unapita kwake. Lakini kwa Evodi ilizidi hapo. Makrina alimbeba mgongoni, akamwogesha, akampikia, akamchapa viboko vya kumpeleka shule. Alipoolewa huku Nambilanje, Evodi alikuwa kijana anayeanza kuota ndevu, na bado alilia hadharani siku ya kumsindikiza, wenzake wakamcheka mpaka wakachoka.

Miaka ya tisini alikuwa anaendesha mashine ya kusaga ya mfanyabiashara mmoja pale Nachingwea, karibu na soko. Injini ya dizeli, kelele tupu. Lakini jamaa alikuwa na masikio! Anaweza kuwa amekaa ng'ambo ya barabara anakunywa chai, ghafla anaruka: "Mkanda unataka kukatika!" Wakienda kuangalia, kweli, mkanda umebakia uzi. Cheti hakuwa nacho hata kimoja. Alikuwa anasikiliza tu.

Oktoba ya 1996 akaja huku kumsalimia dada yake. Nyumbani hakumkuta, akaambiwa yuko mtoni. Sasa, mtoni kwetu mwezi wa kumi maana yake ni mchanga mtupu. Maji yako chini, na ukiyataka unachimba. Mwezi wa tisa unachimba kufika kiunoni, mwezi wa kumi shimo linakupita kimo, mmoja anaingia chini na kata ya kuchotea na wengine wanapokea ndoo juu. Wanaume wengi walikuwa wameshakwenda kubahatisha dhahabu Namungo, kwa hiyo kazi hiyo ni ya wanawake. Evodi alifika ukingoni akiwa bado na mfuko wa zawadi begani, akasikia ukelele, akakimbia. Ukuta wa mchanga ulikuwa umeporomoka. Makrina amezikwa mpaka kidevuni, macho yamemtoka, hawezi hata kulia kwa sababu kifua kimebanwa. Walimchimba kwa mikono, Evodi na wanawake watano, mpaka kucha zikavuja damu. Alitoka hai. Lakini tangu siku ile hakuwahi kulala chumba kimefungwa mlango, awe mumewe yupo au hayupo, iwe mvua au jua.

Siku ya kuondoka Evodi alimwambia, "Dada, shimoni hutaingia tena. Nakuapia."

"Nitakunywa nini sasa? Maneno yako?" Makrina akamtania.

Kwa miaka minane Evodi alikuwa akimletea dada yake hela ya kuwalipa wenzake wamchimbie. Mwaka 2004 ndipo mradi wa maji ulipokuja. Wenyewe walikuwa wageni, siwataji, wana sola zao, wana nondo zao, wana haraka zao. Walichimba kisima kirefu bondeni, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kijijini, wakatia pampu, wakajenga tangi juu ya kilima, wakasambaza mabomba vijiji vitatu. Mzee Bernardo, yule aliyevuka Ruvuma zamani wakati wa vita vya Msumbiji akahamia kwetu, alitoa kipande cha kiwanja chake bure pajengwe ofisi. Ndani ya ofisi wakaweka kompyuta. Kompyuta, Nambilanje! Watu walikuwa wanakuja kuichungulia dirishani jioni wakitoka shamba.

Evodi akaacha kazi ya Nachingwea, akaja kupiga magoti. Wanaotaka kazi ya ofisini walikuwa wengi, na wenye vyeti. Aliyekuwa anasaili ni mhandisi kijana, Lukman, mtu wa Tanga aliyepangiwa Nachingwea, mpole, hana makuu. Akamuuliza, "Kaka, kwa nini unaitaka kazi hii?" Evodi akamweleza habari ya shimo. Lukman hakuuliza swali la pili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kule bondeni kulikuwa na vifaa vinavyopima maji kisimani, joto la pampu na nguvu ya betri, na vinapeleka habari kwa redio mpaka kwenye kompyuta. Kwenye skrini kila kifaa kina mstari wake. Mambo yakiwa mazuri mstari ni kijani. Yakiharibika unakuwa mwekundu, na king'ora kilichofungwa juu ya paa kinalia hadi vijiji vya jirani wanasikia. Hapo Evodi anabonyeza kuizima pampu ipumzike, maji yakijaa kisimani anaiwasha tena. Mwanzoni kulikuwa na kifaa cha kuizima pampu chenyewe, lakini kiliungua Julai ya 2006, wakaahidiwa kingine, ahadi ikabaki ahadi. Kuanzia hapo, kilichobaki kati ya ile pampu na kuungua ni king'ora na Evodi.

Shida ni kwamba king'ora kilikuwa na kiherehere. Betri ikishuka kidogo alfajiri, kinalia. Kunguru akitua kwenye waya wa redio, kinalia. Ndiyo Lukman akamfundisha kukinyamazisha. Unachagua mstari unaokusumbua, au mistari yote kwa pamoja. Kinatokea kisanduku kinakuuliza sababu, unaandika. Kingine kinakuuliza hadi lini, unaandika siku na saa. Muda ukiisha, king'ora kinaamka chenyewe.

"Sasa nisikilize vizuri, kaka Evodi," Lukman akasema. "Ukikinyamazisha, na mstari nao unapakwa kijivu. Hautageuka mwekundu hata pampu iwake moto. Unaona? Kwa hiyo ukinyamazisha, king'ora ni wewe. Usitoke hapa. Soma namba zenyewe."

"Nimeelewa," Evodi akasema. Na alielewa. Hilo nalisema wazi ili mtu asije akamtetea kwa kusema hakufundishwa.

Miaka miwili kijiji kilikula raha. Makrina alipewa kazi ya kutunza kibomba cha katikati ya kijiji, kufungua asubuhi na kufunga jioni, na alivyokuwa anaringa na ule ufunguo shingoni ungedhani amepewa ukuu wa wilaya. "Mpange foleni!" anafoka. "Haya maji ya mdogo wangu!" Binti yake, Auleria, alikuwa anaona aibu. Evodi alikuwa anamsikia kutoka ofisini, anacheka peke yake.

Oktoba 2006, siku ya Jumanne, Mzee Bernardo akafariki.

Nyumba yake na ofisi zimeachana hatua hamsini. Na kwetu, penye msiba hapapigwi kelele. Redio zinazimwa, hata kinu hakitwangwi karibu mpaka tanga lianuliwe. Ukitaka kutwanga unabeba mpunga wako unakwenda mbali. Sasa Jumatano asubuhi, watu wamekaa kwenye mikeka, jeneza liko ndani, katekista ameanza sala, king'ora hicho! Betri tu, ile ya alfajiri. Akina mama waliruka. Mjane, Bibi Domitila, alianguka akidhani sijui kumetokea nini. Evodi alikimbia ofisini uso umemshuka kwa haya. Akachagua mistari yote. Sababu akaandika: Msiba wa Mzee Bernardo. Hadi lini: saa kumi jioni.

Alipotoka, Bibi Domitila akamshika mkono. "Mwanangu Evodi, huyu mzee ndiye aliyekupa kiwanja cha hilo lidude lako. Mwache apumzike."

"Samahani, bibi. Halitalia tena."

Mzee akazikwa. Lakini tanga halikuweza kuanuliwa, kwa sababu dada wa marehemu alikuwa njiani anatoka Msumbiji, na bila yeye hakuna la kufanyika. Jioni Evodi akaongeza muda. Alhamisi asubuhi akaongeza tena. Na nimpe haki yake: siku hizo mbili hakutoka. Alikuwa anasoma zile namba kama padri na kitabu chake, mara mbili aliizima pampu kwa mkono maji yaliposhuka. Msibani walikuwa wanamletea ugali dirishani.

Alhamisi mchana ikafika habari kwamba yule dada ameshuka kwenye lori Nachingwea, bibi kizee wa watu, miguu imevimba, amekaa stendi hana wa kumpokea. Pikipiki kijijini ilikuwa moja, ya mradi, na anayeruhusiwa kuiendesha ni mmoja. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Halfani, akaja dirishani. "Evodi, ni wewe tu. Ufike leo, mlale, kesho urudi naye."

Hapo ndipo. Angeweza kuizima pampu kabisa aondoke. Lakini msiba ulikuwa na watu mia mbili, wanapika, wanaoga, wanatawadha, ukame umekaza, angewaambia nini? Angeweza kurudisha king'ora. Alikumbuka mkono wa Bibi Domitila. Basi akamwita Makrina.

Makrina alikuwa na siku mbili hajalala vizuri, yuko jikoni kwenye msiba na wenzake, macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Akaja anajifuta kwa kanga. Kusoma alikuwa hajui. Yeye shule ilimpita akimlea mdogo wake.

"Dada, kaa hapa mpaka nirudi. Auleria atakuletea chakula. Tazama hii mistari. Ukiona mmoja umekuwa mwekundu, bonyeza hapa, pampu itazima. Ni hilo tu."

"Mwekundu kama nini?"

"Kama kanga yako."

"Haya. Nenda na Mungu, mdogo wangu. Na usikimbize hiyo pikipiki."

Akapeleka muda mpaka Jumamosi mchana, akavaa kofia, akawasha pikipiki, akaondoka. Mistari yote kwenye skrini ilikuwa kijivu.

Jamani. Mtu aliyekuwa anasikia mkanda unaokatika ng'ambo ya barabara! Alisema baadaye kwamba njia nzima alikuwa anawaza bibi kizee atakaaje nyuma ya pikipiki na miguu ile. Kijivu hakikumjia akilini hata kidogo.

Makrina alikaa kwenye kile kiti. Alitazama Alhamisi hiyo hadi jioni, akatazama usiku kucha, mshumaa pembeni, mlango wazi kama kawaida yake. Ijumaa kabla ya adhuhuri maji kibombani yakawa uzi, halafu yakakata. Wanawake wakaja mbio: "Mama Auleria, maji hakuna!" Akawaambia, "Mbona hapa hakuna mwekundu?" Wakaingia wenyewe wakaangalia. Kweli, hakukuwa na mwekundu. Wakarudi zao wakisema labda kuna bomba limepasuka, Evodi akija atajua.

Evodi alirudi Ijumaa alasiri, bibi wa watu nyuma amefungwa kanga asidondoke. Akamshusha, kilio kikaanza upya, naye akaingia ofisini bado ana vumbi usoni. Akaiona ile skrini. Kijivu juu hadi chini. Akasoma namba. Pampu ilikuwa imekauka maji tangu Alhamisi jioni, ikasaga hewa usiku kucha, Ijumaa saa nne ikaungua.

"Kuna nini?" Makrina akamuuliza. "Mimi sikuona mwekundu, Evodi. Nimetazama, haki ya Mungu nimetazama."

Halfani akaingia, na watu nyuma yake. "Nani alikuwa hapa?"

"Dada," Evodi akasema.

Na Makrina, masikini ya Mungu, akashika shavu. "Labda nilisinzia," akasema. "Alfajiri kidogo, kichwa kilianguka. Labda ndipo mstari ulipokuwa mwekundu, ukapita."

Evodi alifungua mdomo. Halfani alikuwa anamtazama, watu wamejaa mlangoni, na wengi wao ni wale walioikosa kazi ile wakiwa na vyeti vyao. Akaufunga. Nakwambia ukweli, neno moja tu lingetosha pale. Hakulitoa.

Lukman alikuja Jumapili, akafungua kompyuta, akasoma kila kitu, maana kila unapokinyamazisha inabaki imeandikwa: nani, lini, sababu, hadi lini. Akawaomba watu watoke nje.

"Kaka Evodi. Dada yako asingeweza kuona chochote. Unajua hilo?"

"Najua."

"Pampu nitaagiza, itachukua wiki sita au saba. Pampu ni chuma. Lakini huko nje nimesikia wanasema dada yako alilala. Hilo si langu kulisema kijijini, ni lako. Mwambie."

"Nitamwambia kesho," Evodi akasema.

Lukman akafanya jambo moja zaidi kabla ya kuondoka. Kwa kuwa pampu imekufa, king'ora kingelia mchana na usiku, ilibidi kinyamazishwe. Lakini aliifunga ile programu isikubali zaidi ya siku moja. Kila siku saa moja asubuhi king'ora kitaamka, na Evodi ataenda kukinyamazisha upya. "Ili tusisahau," akasema. Hakusema kusahau nini.

Basi ikawa hivyo. Kila siku saa moja kinapiga ukelele, kijiji kizima kinajua pampu bado ni mbovu, Evodi anakwenda kubonyeza, na wanawake wanashika njia ya mtoni na ndoo zao. Na kila siku alikuwa anajiambia leo nitamwambia. Akifika kwa dada yake, anakuta amemwekea uji. Anakunywa uji. Anaondoka. Kweli nakwambia, ule uji ulikuwa unamshinda kumeza, na bado alikuwa anakwenda kuunywa.

Maneno ya wanawake mtoni hayakuwa mazuri. Kulikuwa na mmoja, Albina, hana ubaya sana, ila mdomo wake hauna breki. Makrina alikuwa amerudia kuwalipa wenzake wamchimbie, anakaa mbali na ukingo anasubiri ndoo yake. Siku hiyo jua kali, shimo limepita kimo, kila mtu amechoka. Albina akatupa kata chini. "Siingii tena mimi! Aliyelala ndiye aingie. Sisi tunazikwa humu kwa usingizi wa mtu."

Auleria alikuwepo, akasema, "Mama usijali, nitaingia mimi."

"Wewe toka hapo," Makrina akasema. Akafunga kanga vizuri, akauvua ule ufunguo wa kibomba shingoni, akampa binti yake. Akaingia.

Aliingia siku hiyo, akatoka. Akaingia ya pili, akatoka. Jioni ya pili Evodi alimkuta amekaa mlangoni, mchanga bado uko kwenye nywele. Akaelewa. "Dada, umeingia?"

"Si nililala? Acha nilipe, Evodi. Nikimaliza kulipa watanisamehe."

Na hapo napo, jamani, hapo napo hakusema! Alipiga magoti akamshika miguu, akalia kama mtoto, Makrina akadhani analia kwa huruma, akambembeleza. "Nyamaza, mdogo wangu. Pampu itakuja." Evodi akasema, "Kesho usiende, dada. Kesho nitakwambia kitu." Makrina akacheka, akamuuliza kwa nini asiseme leo.

Kesho yake Makrina alikwenda mtoni, kwa sababu wanawake huamka mapema kuliko wanaume wenye mambo ya kusema. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja umeshaanza. Ukuta wa shimo wa upande wa mashariki uliporomoka wote, Makrina akiwa ndani. Walichimba, Albina akiwa wa kwanza, akilia na kuita jina lake; Evodi alifika mbio akachimba, kucha zikavuja damu kama mara ile. Lakini mara hii kidevu hakikuonekana. Walipomfikia alikuwa ameshakwisha.

Walimlaza nyumbani kwake na mlango wazi.

Asubuhi ya mazishi watu walijaa uani, vijiji vyote vitatu. Evodi alikuwa amekaa kwenye mkeka na Auleria ubavuni kwake. Katekista akaanza sala. Saa moja ikafika.

King'ora kikalia.

Watu waliangaliana. Wakangoja ainuke. Hakuinuka. Halfani akaja akamwinamia sikioni: "Evodi, kakizime basi. Ni msiba wa dada yako huu."

"Kiacheni kilie," akasema.

"Evodi!"

Akasimama. Ilibidi apaze sauti sana ili asikike, na sauti yenyewe ilikuwa imepasuka. "Kiacheni kilie! Siku ile kingelia hivi pampu isingeungua. Nilikizima mimi. Dada yangu hakulala. Mnasikia? Hakulala. Kile alichoambiwa akitazame kilikuwa hakiwezi kuwa chekundu, nilikipaka kijivu mimi mwenyewe kwa mkono huu, nikamwambia angoje chekundu. Angekaa mwaka mzima macho makavu asingekiona. Nilijua. Tangu siku ile niliporudi nilijua, nikawaacha mseme."

Albina alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Kilichosikika ni king'ora tu, na katikati yake Auleria akauliza, polepole, lakini tulio karibu tulimsikia.

"Mjomba, mama alijua?"

Evodi alimtazama. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukawa vile.

"Hapana," akasema. "Sikumwambia. Amekufa anadhani alilala."

Auleria akajifunika kanga mpaka usoni, akamgeuzia mgongo. Halfani alikuwa ameshaanza kwenda ofisini, lakini Bibi Domitila akanyanyua mkono wake uliokonda. "Kiacheni," akasema. "Kwa msiba wa mume wangu kilizimwa, tukamzika yule kwa ukimya na huyu ndiye aliyelipa. Kiacheni." Basi tulimzika Makrina na king'ora kinalia juu ya vichwa vyetu, na waliokuwa na machozi walilia kwa sauti wanayotaka, kwa sababu hakuna aliyekuwa anawasikia.

Pampu ilikuja Desemba, na mvua nazo zilikuwa zimeanza. Evodi alimkabidhi Lukman funguo akarudi kwenye jembe, ingawa hakuna aliyemfukuza. Ile kompyuta leo anaiangalia Auleria, Lukman alimfundisha mwenyewe. Ufunguo wa kibomba uko shingoni kwake. Anamsalimia mjomba wake, anamwinamia kwa heshima kama inavyotakiwa, anampelekea ndoo yake ya maji kila siku. Zaidi ya salamu hawana maneno.

Lakini siku ile ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, betri ilikuwa imechoka na king'ora kimebaki kukoroma, Evodi alikwenda ofisini peke yake. Alikaa kwenye kile kiti. Kisanduku kikamuuliza sababu, kama kinavyouliza siku zote. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na maandishi hayo yamo humo mpaka leo, Lukman amebadilisha mambo mengi lakini huo mstari hajaugusa: Msiba wa Makrina. Hakulala. Kisha kikamuuliza hadi lini, akaandika kesho saa moja.